Ng'ambo ya Pili ya Maji: Historia ya Kujua Kabla ya Kusoma Kitabu cha Ruthu



Jioni, anga linapokuwa safi, mtu aliyesimama ufukweni mwa Uvira huiona ng'ambo ya pili bila shida. Kwanza huonekana milima ya Burundi, kisha giza likiingia taa za Bujumbura huwaka kwa mstari juu ya maji. Umbali wenyewe haufiki kilomita 30. Hata hivyo wazee wa mwambao huu wanajua kwamba umbali huo haupimwi kwa kilomita peke yake. Mwaka 1972 Warundi wengi walikuja huku wakiyakimbia mauaji. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wakaja wengine. Mwaka 1996 vita vilipoufikia mwambao wetu, zamu iligeuka: Wakongo wengi walivuka ziwa kwenda Tanzania, na kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Warundi wakakimbia tena, na kambi ya Lusenda ikaanzishwa katika eneo la Fizi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu mengi ya Wakongo waliuvuka mto Ruzizi kuingia Cibitoke.

Kwa hiyo hapa kwetu ni vigumu kuipata familia ambayo haijawahi kumpokea mkimbizi au kuwa yenyewe ukimbizini. Wengi wamefanya yote mawili.

Kitabu cha Ruthu kinaanza kwa safari ya namna hiyo. Njaa inaingia Bethlehemu ya Yuda. Mtu mmoja aitwaye Elimeleki anamchukua mkewe Naomi na wana wao wawili, anakwenda kukaa ugenini katika nchi ya Moabu. Ni kitabu kifupi, cha sura 4 na aya 85 tu, na kikundi cha vijana kinaweza kukisoma chote kwa mkutano mmoja. Lakini ufupi wake unadanganya. Wasikilizaji wa kwanza walijua mambo mengi ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyaeleza, na sisi tusipoyajua tutaisikia hadithi nzuri ya mkwe na mavyaa, tutafunga kitabu, na jambo lenye uzito litatupita. Makala haya yanataka kuyaweka mambo hayo mezani kabla hamjaanza kusoma.

Bethlehemu na Moabu zinatazamana

Bethlehemu iko juu ya milima ya Yuda, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kimo cha maji ya Ziwa letu Tanganyika. Upande wa mashariki ardhi inateremka kwa ghafula kupitia jangwa la Yuda hadi Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake leo uko mita 430 hivi chini ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya maji hayo ardhi inapanda tena kama ukuta, na juu ya ukuta huo kuna uwanda wa Moabu, nchi ambayo leo ni sehemu ya Yordani. Kutoka vilima vya Bethlehemu milima ya Moabu huonekana kwa macho. Elimeleki hakwenda nchi asiyoijua. Alikwenda mahali alipokuwa akipaona tangu utoto wake.

Uwanda wa Moabu ulikuwa nchi ya nafaka na mifugo. Mvua za eneo lile hazinyeshi kwa usawa, na mwaka mmoja upande huu unaweza kukauka huku upande wa pili ukivuna. Kuna uchungu uliofichwa pia katika jina. Bethlehemu kwa Kiebrania husikika kama "nyumba ya mkate". Mkate ulikwisha katika nyumba ya mkate, na ukatafutwa kwa Wamoabu.

Wale wanawake wawili waliporudi, Naomi na Ruthu, walishuka na kupanda tena njia hiyo kwa miguu, bila mwanamume wa kuwasindikiza, safari ya siku kadhaa. Walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri (1:22), yaani yapata mwezi wa Aprili. Baada ya shayiri hufuata ngano, hadi Mei na Juni. Matukio ya sura ya 2 na ya 3 yote yanaingia katika majuma hayo machache. Ndiyo maana Wayahudi husoma kitabu hiki katika Sikukuu ya Majuma, iliyokuwa sikukuu ya mavuno, ile ambayo sisi tunaijua kwa jina la Pentekoste.

Zamani za waamuzi

Aya ya kwanza inasema kwamba mambo haya yalitokea zamani za waamuzi. Ni kipindi cha kati ya mwaka 1200 na mwaka 1020 hivi kabla ya Kristo, kabla Israeli haijapata mfalme. Kila kabila lilijitegemea, majeshi ya jirani yaliingia na kutoka, na hapakuwa na mamlaka moja ya kumlinda mnyonge. Kitabu cha Waamuzi kinafunga kwa kulalamika kwamba kila mtu alifanya alivyoona mwenyewe kuwa sawa.

Msomeni kwanza sura ya 19 ya kitabu hicho, ingawa inaumiza. Mwanamke mmoja, mwenyeji wa Bethlehemu, anatendewa unyama na wanaume wa mji wa Gibea usiku kucha hadi anakufa, na kisa hicho kinazaa vita vya ndugu kwa ndugu kati ya makabila ya Israeli. Katika Biblia zetu, zinazofuata mpangilio wa Kigiriki na wa Kilatini, Ruthu anakuja mara tu baada ya habari hiyo. Katika Biblia ya Kiebrania kitabu chake kiko kwingine, miongoni mwa Maandiko, pamoja na Zaburi na Mithali.

Tukijua hayo, maneno mawili madogo ya sura ya 2 yanapata uzito wake. Boazi anamwambia Ruthu kwamba amewaagiza vijana wake wasimguse (2:9). Jioni Naomi anamshauri abaki na watumishi wa kike wa Boazi, asije akadhuriwa katika shamba la mtu mwingine (2:22). Mwandishi hafafanui. Msichana mgeni, maskini, peke yake shambani, katika nchi isiyo na ulinzi: wasikilizaji walijua hatari ilikuwa nini. Wasichana wanaokwenda kutafuta kuni mbali na makazi ya wakimbizi wanaijua pia.

Mmoabu alikuwa nani?

Hapa ndipo penye kiini. Kwa Mwisraeli, Mmoabu alikuwa ndugu na adui kwa wakati mmoja. Undugu ulijulikana: Mwanzo sura ya 19 inamtaja Moabu kuwa uzao wa Lutu, mpwa wa Ibrahimu. Lakini hata hadithi hiyo ya asili ni ya aibu, kwa maana inasema Moabu alizaliwa na binti wa Lutu kwa baba yake mwenyewe. Hivyo ndivyo jirani anavyosimuliwa na jirani yake mara nyingi: tunakubali kwamba ni ndugu, kisha tunaongeza jambo la kumdharau.

Lugha zao zilikaribiana sana. Mwaka 1868, mahali paitwapo Dhiban ng'ambo ya Yordani, mmisionari Frederick Augustus Klein alionyeshwa jiwe jeusi lililochongwa maandishi. Ni jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 kabla ya Kristo, na leo limehifadhiwa katika jumba la Louvre huko Paris. Humo Mesha anaeleza kwamba nchi yake ilionewa na wafalme wa Israeli kwa sababu mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi, kisha Kemoshi akampa ushindi. Mtu ajuaye Kiebrania huweza kulisoma jiwe hilo kwa shida kidogo tu. Naomi na Ruthu basi walielewana bila mkalimani, kama Mrundi na Mnyarwanda wanavyoelewana. Hata namna yao ya kusema juu ya miungu ilifanana. Kilichowatenga kilikuwa kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa ndefu. Kitabu cha Hesabu kinasimulia jinsi Balaki mfalme wa Moabu alivyomwajiri Balaamu awalaani Waisraeli. Waamuzi sura ya 3 inasema Egloni mfalme wa Moabu aliwatawala Waisraeli kwa miaka 18. Na Kumbukumbu la Torati 23 inaweka sheria: Mmoabu asiingie katika kusanyiko la Bwana, hata kizazi cha kumi. Sababu inatolewa: hawakuwalaki Waisraeli njiani kwa chakula na maji.

Sasa tazameni kitabu chetu kinavyofanya, bila kupaza sauti. Wamoabu ambao sheria inawashtaki kwa kunyima chakula ndio walioilisha familia ya Elimeleki kwa miaka 10. Na mwanamke wa taifa hilo ndiye anayerudi jioni kutoka shambani na efa nzima ya shayiri, zaidi ya lita 20, kumlisha mjane wa Bethlehemu. Mwandishi haibishanii sheria. Anaweka mbele yetu mtu mmoja mwenye jina, kisha anatuacha tumtazame.

Sheria tatu za kujua

Ya kwanza ni sheria ya masazo. Walawi 19:9-10 na Kumbukumbu la Torati 24:19-22 zinamkataza mwenye shamba kuvuna hadi kingo au kurudia masuke yaliyoanguka. Hayo ni mali ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruthu ni maskini, ni mgeni na ni mjane. Ana haki mara tatu. Lakini haki iliyoandikwa inamhitaji mtu wa kuitimiza, na ndiyo sababu Ruthu anasema atakwenda kuokota nyuma ya yule atakayemkubalia (2:2). Boazi anatimiza sheria, kisha anaipita: anawaambia vijana wavute masuke kutoka miganda kwa makusudi na kumwachia (2:15-16). Tena anamkaribisha ale pamoja na wavunaji. Mgeni aliyekuwa akiokota ameketi kwenye chakula.

Ya pili ni sheria ya mkombozi wa jamaa, kwa Kiebrania *goeli*. Mtu akifilisika na kuuza shamba, ndugu wa karibu ana wajibu wa kulikomboa ili lisitoke katika ukoo (Walawi 25:25). Baadaye sehemu ya pili ya Isaya italitumia neno hilohilo kwa Mungu, Mkombozi wa Israeli. Kwa hiyo tunapomwita Kristo Mkombozi, neno hilo lina harufu ya shamba na ya ukoo: ni ndugu anayelipa ili ndugu asipotee.

Ya tatu ni desturi ya kumwoa mjane wa ndugu aliyekufa bila mtoto, ili jina la marehemu lisifutike (Kumbukumbu la Torati 25:5-10). Makabila mengi ya kwetu yanaijua desturi ya kurithi mjane, na hapa tunahitaji uangalifu. Mtu asikichukue kitabu cha Ruthu kuwa kibali cha kumgawa mjane pamoja na mali ya marehemu. Sheria ya Kumbukumbu inasema juu ya ndugu wanaokaa pamoja. Boazi si shemeji wa Ruthu, wala hakuna aliyemlazimisha. Ruthu ndiye anayekwenda kwenye uwanja wa kupuria na kusema anachotaka (3:9). Jamaa aliye karibu zaidi yupo, anaupenda uwanja wa shamba, lakini anaposikia kwamba pamoja nao kuna mjane Mmoabu, anajitoa (4:6). Kitabu kinamwacha bila jina. Yule aliyeogopa kuharibu urithi wake hakumbukwi na mtu.

Yote hayo yanaamuliwa mlangoni pa mji, mbele ya wazee 10. Mlango wa mji ulikuwa baraza: pale watu walinunua, walishitakiana na kutoa ushahidi, kama mambo ya ardhi na ukoo yanavyosikilizwa kwetu kwa mwami na wazee wake.

Kitabu kiliandikwa lini?

Mwandishi anatuachia dalili. Anapofika kwenye desturi ya kuvua kiatu ili kuthibitisha mapatano, anasimama na kueleza kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani katika Israeli (4:7). Hakuna anayewaeleza watu desturi wanayoiishi. Basi kitabu kiliandikwa baada ya muda mrefu kupita. Wataalamu wengine wanakiweka katika wakati wa wafalme, kwa sababu kinaishia kwa Daudi. Wengine wanakiweka baada ya uhamisho wa Babeli, katika karne ya 5 kabla ya Kristo.

Rai hii ya pili inafaa kufahamika, hata kama mjadala haujafungwa. Yerusalemu ilikuwa imeangamizwa mwaka 587 kabla ya Kristo. Waliorudi walikuwa wachache, maskini, wamezungukwa na mataifa mengine. Nehemia, aliyefika Yerusalemu mwaka 445, anaeleza kwamba aliwakuta Wayahudi waliooa wanawake wa Ashdodi, Amoni na Moabu, na nusu ya watoto wao hawakuweza kusema lugha ya Kiyahudi (Nehemia 13:23-24). Kitabu cha Ezra kinasimulia jinsi wake wa kigeni walivyofukuzwa pamoja na watoto wao. Tusiwahukumu haraka. Taifa dogo lililokaribia kufutika linaogopa, na hofu yake ina sababu. Nasi tunawajua watu walioumizwa kweli, ambao jeraha lao limewafundisha kuwaogopa wote wanaosema lugha fulani au wenye sura fulani.

Ikiwa kitabu cha Ruthu kilisomwa mara ya kwanza kati ya watu hao, kilikuwa neno la ujasiri. Kiliwakumbusha kwamba bibi mzaa babu wa Daudi, mfalme wao mkuu, alikuwa Mmoabu. Na kweli, Daudi alipokuwa akimkimbia Sauli, aliwapeleka wazazi wake kwa mfalme wa Moabu wapate usalama (1 Samweli 22:3-4). Kanisa limepokea vitabu vyote hivi, cha Ezra na cha Nehemia pamoja na cha Ruthu. Maandiko yanatuachia hofu ya waliojeruhiwa, na yanatuachia pia ushuhuda unaoiponya.

Maneno ya kuyafuata mnaposoma

Fuateni neno *hesedi*, ambalo Biblia zetu hulitafsiri kwa fadhili au wema. Maana yake ni uaminifu wa upendo unaozidi deni. Linatokea mara tatu: 1:8, 2:20 na 3:10. Mara ya kwanza Naomi anawataja nalo wakwe zake Wamoabu, na kuwaombea kwa Mungu awatendee kama wao walivyotenda.

Fuateni neno *kanafu*, yaani bawa, au pindo la vazi. Katika 2:12 Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu ambaye amekuja kujisitiri chini ya mabawa yake. Katika 3:9 Ruthu anamwomba Boazi atandaze pindo la vazi lake juu yake. Ni neno moja. Ni kana kwamba anamwambia: ulichoniombea kwa Mungu, wewe mwenyewe unaweza kukitenda.

Fuateni mwisho jina "Mmoabu". Tangu aliporudi na Naomi, Ruthu anaitwa hivyo tena na tena, hata pale ambapo kila mtu ameshajua alikotoka (1:22; 2:2; 2:6; 2:21; 4:5; 4:10). Mara ya mwisho ni mlangoni pa mji, Boazi anapotangaza hadharani kwamba anamwoa. Baada ya hapo wazee wanamwombea awe kama Raheli na Lea, mama wa Israeli, na msimulizi anamwita Ruthu tu. Haikuhitajika Ruthu asahau alikotoka. Ilihitajika mtu mmoja mwenye heshima asimame mbele ya watu na kulitamka jina hilo bila aibu.

Msimsahau Naomi. Anarudi na kusema aitwe Mara, yaani uchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtendea uchungu (1:20). Hakuna anayemkemea. Anasema amerudi mikono mitupu, huku Ruthu amesimama kando yake, na wanawake wa mji hawamtaji kabisa. Itachukua mavuno mawili na mtoto mmoja hadi wanawake walewale waseme kwamba mkwe huyu ni bora kwake kuliko wana saba (4:15).

Mtoto huyo ni Obedi, baba wa Yese, baba wa Daudi. Mwinjili Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu, anamtaja Ruthu kwa jina (Mt 1:5). Damu ya mkimbizi kutoka ng'ambo ya pili imo katika ukoo wa Mwokozi, na mahali pale pale aliporudi Naomi mikono mitupu, Bethlehemu, ndipo alipozaliwa Kristo. Mtakatifu Hieronimo, aliyetafsiri Maandiko ya Kiebrania kwa Kilatini, aliishi katika mji huo tangu mwaka 386 hadi kifo chake. Nasi tunasomewa Ruthu katika Misa, Ijumaa na Jumamosi ya juma la 20 la mwaka, katika miaka ya witiri.

Maswali kwa ajili ya kikundi

1. Katika familia yako ni nani aliyewahi kupokelewa ng'ambo ya pili? Nani aliyempokea, na je, jina lake linakumbukwa nyumbani?

2. Katika mtaa wetu ni nani bado anaitwa kwa jina la kabila au la nchi alikotoka, ingawa ameishi nasi miaka mingi? Nani angeweza kusimama mlangoni kwa ajili yake?

3. Yule jamaa asiye na jina hakuvunja sheria yoyote. Alikosa nini?

4. Naomi alimlalamikia Mungu waziwazi. Je, katika jumuiya yetu aliyefiwa na aliyepoteza mali anaweza kusema hivyo, tukamsikiliza bila kumkemea?

5. Masazo ya shamba letu ni yapi? Tukiwa wanafunzi, wavuvi, wachuuzi au wakulima wa uwanda wa Ruzizi, ni kitu gani tunachoweza kukiacha kwa makusudi, ili mwingine akiokote bila kuomba?

Msomeni Ruthu jioni moja mkiwa pamoja, kwa sauti, tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Mkimaliza, nendeni ufukweni, mzitazame zile taa za ng'ambo.